Mnong'ono Mrefu wa Ottorino

Sikio langu la kulia limesikia siri nyingi kuliko padri wetu, tena karibu zote zinahusu samaki. Hapa Chioggia, bandari yetu ya wavuvi huko Italia, hatupigi kelele mnadani. Kreti zinapangwa sakafuni, mimi dalali nasimama nyuma yake, na kila anayetaka kununua ananijia, ananishika bega na kuninong'oneza bei yake sikioni. Ni mara moja tu, na hakuna anayejua mwenzake kasema ngapi. Nikishawasikiliza wote namtaja mwenye bei kubwa, na samaki ni wake. Baba yangu alifanya kazi hii, na babu yangu kabla yake, na sote watatu tulizeeka na sikio moja jekundu kuliko jingine.

Kwa miaka arobaini nimenong'onezwa na wenye vitunguu mdomoni, wenye mafua na wenye meno ya bandia yanayocheza, nikavumilia. Lakini aliyelitesa sikio hili kuliko wote ni Ottorino Boscolo, muuza samaki wa pale kando ya mfereji. Kwa kuwa nampenda kama ndugu, nitamsema kwa raha zangu.

Nusu ya mji huu ni akina Boscolo na nusu iliyobaki ni sisi akina Tiozzo, kwa hiyo kila ukoo una jina la utani, na jina hilo huandikwa hadi kwenye kitambulisho. Ukoo wa Ottorino ulikuwa na lake la zamani, la heshima kabisa, lakini watu walilisahau wakawa wanamwita Tutaona. Siku moja karani wa manispaa alimuuliza kwa utani kama angependa jina hilo liandikwe rasmi. Nadhani unajua alivyojibu.

Alikuwa hivyo tangu utoto. Mama yake alimpeleka kununua viatu vya komunyo ya kwanza, akashindwa kuchagua kati ya vyeusi na vya kahawia. Walirudi dukani Jumamosi tatu mfululizo, na alipochagua vyeusi mguu ulikuwa umeshakua, vyeusi vya saizi yake vimekwisha. Alipokea komunyo amevaa viatu vya dada yake. Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye mstari, na nilicheka mpaka nikafinywa na mtawa.

Na Pierina je? Pierina alikuwa binti wa mwenye duka la samaki, na alianza kuja mnadani badala ya baba yake akiwa bado anasuka nywele mikia miwili. Ottorino alianza kutembea naye Jumapili mwaka wa sitini na moja. Walikwenda mpaka mwisho wa barabara kuu na kurudi, chini ya matao, mvua na jua, miaka tisa. Mama yake Pierina aliwasha mishumaa kanisani hadi padri akamwambia apumzike kidogo. Mpaka Jumapili moja Pierina alisimama katikati ya daraja, akamshika Ottorino bega kama alivyozoea kunishika mimi, akamnong'oneza kitu sikioni. Ottorino aliiva uso mzima kwa haya. Wiki tatu baadaye walifunga ndoa, na hakuna aliyewahi kuambiwa neno lililosemwa darajani.

Basi akahamia dukani kwa mkewe, na hapo, niseme ukweli, alikuwa fundi. Pierina ananunua, Ottorino anapara magamba, anapasua, anaimba, anawaambia akina mama namna ya kukaanga sadini na kuwalaza kwenye siki na vitunguu. Wateja walivuka madaraja mawili kumfuata yeye na kisu chake. Samaki ana tumbo moja tu la kupasua, kwa hiyo hapakuwa na la kuamua.

Pierina naye alikuwa raha ya sikio langu. Alisema tarakimu, akaondoka kabla pumzi yake haijanifikia. Nilimuuliza siku moja anawezaje kukata shauri haraka namna ile, na fedha ni zake mwenyewe. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa anawezaje kushuka ngazi.

"Sadini ni sadini, Egidio," aliniambia. "Nikikosea leo, kesho bahari inatoa wengine. Vya kufikiria mpaka usingizi upotee ni viwili tu, mume na duka. Vingine vyote ni samaki."

Nimewasikiliza wanunuzi wengi, na naweza kukuhakikishia kwamba wale wa haraka hawajui samaki kuliko wengine. Tofauti yao ni kwamba wameshajua hasara gani wataimeza bila kuugua. Ottorino yeye kila kreti ya sadini aliipokea kana kwamba anaoa tena.

Sasa, mwaka ule wa mwisho wa lira, pesa yetu ya zamani kabla ya yuro, katikati ya Novemba, nyonga ya Pierina iligoma. Walimpasua, na daktari akasema asisimame wiki sita. Wakati huohuo akazuka binamu yake Amedeo, ambaye alikuwa na maduka mawili ya kuwauzia watalii barakoa za sherehe na sumaku za friji, akitaka kulinunua lile la samaki liwe la tatu. Alileta bei nzuri. Alitaka jibu mkesha wa Krismasi saa sita mchana, ili karatasi ziandikwe kabla pesa mpya haijaingia.

Nilikuwepo jikoni kwao siku Pierina alipolisema hilo, nimeenda kumjulia hali na kunywa divai yao. Alikuwa amelazwa kwenye kochi, amechoka, na nilimwona anaogopa, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kuliona kwake.

"Mimi sijui kama mguu huu utanirudisha sokoni," alimwambia mumewe. "Utanunua wewe wiki hizi sita. Duka likiwa bado linapumua mkesha wa Krismasi, tunabaki nalo. Likiwa limekufa, nasaini kwa Amedeo. Umenisikia?"

Ottorino alikuwa anakoroga ugali wetu wa mahindi wa njano. Aliutazama muda mrefu.

"Tutaona," akasema.

Pierina aligeukia ukutani. Mimi nilimaliza divai yangu nikaenda zangu, maana kuna mahali ambapo mgeni hana kazi.

Siku ya kwanza mnadani Ottorino alivaa tai. Akanijia, akanishika bega, akaanza: habari za nyumbani, na mguu wa mama yangu je, sasa hawa sadini, kama wamevuliwa alfajiri angeweza kufika elfu tatu, ila kama wamevuliwa jana jioni labda elfu mbili na mia nane, na mimi ningekuwa yeye ningesemaje? Nyuma yake walisimama watu kumi na mmoja na barafu ilikuwa inayeyuka. Nilimwambia dalali hana maoni. Akaniomba basi anong'one upya.

Desemba ilipofika mambo yakawa mabaya zaidi. Katikati ya mwezi benki zilianza kutoa vifuko vya sarafu za yuro ili watu wazizoee, na Ottorino akachukua kimoja. Kuanzia hapo alininong'oneza kwa pesa mbili. Alitaja lira, akagawanya, akatia senti, akagundua kosa, akarudi kwenye lira. Alasiri moja alinipendekezea kwa dhati kabisa kwamba soko zima lingoje Januari, tujue kwanza bei ya kweli ya samaki. Nilimwambia watu watakula Krismasi Desemba, kama kawaida. Akasema hilo nalo ni la kufikiriwa.

Lakini si ucheleweshaji uliokuwa unamuua. Kilichomuua ni kwamba kabla ya kuja kwangu alikuwa anaomba ushauri. Asubuhi aliketi baa kwa Cesira na kuuliza kwa sauti yake ileile ya kuimbia, mnaonaje, ngisi wa leo nikisema elfu kumi na mbili? Akatoka hapo akamuuliza kinyozi. Akamuuliza muuza dawa. Akamsimamisha Padri Sisto sakristia, mkono mmoja umeshaingia kwenye joho. Mji wote unaofanya biashara kwa kunong'ona ulikuwa unaijua bei yake kufikia saa tano, na aliyeijua mapema kuliko wote alikuwa Fulvia, mwanamke anayenunulia mahoteli. Fulvia alikunywa kahawa yake polepole meza ya pili, na alasiri akaongeza lira hamsini tu. Wiki tano alimla Ottorino hivyo, kreti baada ya kreti.

Nami ningefanya nini? Kinachoingia sikioni kwangu hakitoki mdomoni. Babu yangu aliniapisha hivyo, na nikikiuka mara moja soko linakufa. Lakini yaliyosemwa baa si siri ya mnada, kwa hiyo siku moja nilipiga moyo konde nikamvuta pembeni.

"Ottorino, kahawa uwe unakunywa nyumbani."

"Kwa nini?"

"Wewe kunywa nyumbani, bwana. Usiniulize zaidi."

Aliniahidi atalifikiria. Kisha akaenda moja kwa moja kwa Cesira kumuuliza kama anaona ni bora awe anakunywa kahawa nyumbani. Cesira, ambaye anauza kahawa, alimshauri asithubutu.

Dukani kukabaki masalia tu, vile visamaki ambavyo Fulvia havitaki. Wateja wakaanza kupita wakitazama upande mwingine. Walikuwa wanaishi ghorofani juu ya duka, na kila asubuhi Pierina, kochi lake limesogezwa dirishani, aliteremsha kikapu kwa kamba. Ottorino aliweka humo samaki alionunua jana, kikapu kikapanda, kikakaa huko juu kidogo, kikashuka na samaki walewale. Hakupiga kelele wala hakutuma ujumbe. Nadhani Ottorino angelipa fedha nyingi ili atukanwe.

Mnada mkubwa wa Krismasi mwaka ule uliangukia Jumapili, siku moja kabla ya mkesha. Padri Sisto alinung'unika kuhusu Jumapili, ila naye anakula mikunga, wale samaki warefu kama nyoka. Mkesha bila mkunga wa kuchoma kwetu si mkesha, na baridi ilikuwa imebana kiasi kwamba mikunga hai iliyofika ilikuwa kreti sita tu, zote za kuuzwa kwa pamoja. Kila mtu alijua maana yake. Atakayekuwa na mikunga ndiye atakayekuwa na foleni, na mwenye foleni atauza kila alicho nacho. Duka la Pierina lingepona au lingekufa kwa kreti sita.

Baada ya misa Ottorino alikwenda kwa Cesira, akakusanya maoni. Ilikuwa karibu baraza la mji. Walibishana mpaka wakaafikiana elfu thelathini na mbili kwa kilo, na kinyozi akapiga meza kuthibitisha. Fulvia aliomba kahawa ya pili.

Kutoka hapo Ottorino alipita dukani kuchukua mkokoteni. Alimkuta Amedeo ndani. Pierina alikuwa amelala juu, na funguo za ziada wana familia wote wanazo. Amedeo alikuwa ameshika utepe wa fundi, anapima ukuta, na kwenye ndoano ambayo kwa miaka hamsini ilibeba mizani ya baba yake Pierina, alikuwa ametundika barakoa yenye manyoya, aone itapendezaje. Haya alinisimulia Amedeo mwenyewe, kwa sababu mpaka leo haelewi alikosea wapi. Ottorino alimuuliza anafanya nini.

"Nakusaidia, shemeji," alijibu. "Wewe ukisema tutaona, sisi wengine tunajua umeshakubali."

Ottorino aliishusha barakoa, akamkabidhi, akatoka bila mkokoteni.

Sokoni alifika wa mwisho. Wote walikuwa wameshanong'ona, Fulvia mbele yake kidogo tu, naye alisema elfu thelathini na mbili na hamsini. Naweza kulitaja hilo kwa sababu alililalamikia mwenyewe hadharani mwaka mzima. Nilipomwona Ottorino anakuja nilijiegemeza kwenye nguzo kama ilivyokuwa desturi yangu naye, nikafumba macho.

"Arobaini," akasema.

Nikangoja. Nilingoja ile "kama", nikangoja yuro, nikangoja salamu za nyumbani. Sikio likaanza kupoa. Nilipofumbua macho alikuwa ameshasogea hatua tatu na amekunja mikono.

"Umemaliza?" nikamuuliza, kinyume cha taratibu zote.

"Nimemaliza."

Bei hiyo naitaja hapa kwa ruhusa yake. Nilipomwomba ruhusa aliniambia tutaona, na ilichukua miaka minne.

Nilimtangaza Ottorino. Fulvia alimgeukia kinyozi, aliyekuja kutazama tu, akamkodolea macho hadi maskini akaondoka. Wala usidhani ilikuwa bei ya akili. Ilikuwa bei ya kijinga, Pierina angeichukua mikunga ile kwa thelathini na tano. Kilichonifurahisha ni kilichofuata. Walikuja sadini, Ottorino akaja, tarakimu, akaondoka. Wakaja ngisi, tarakimu, akaondoka. Ngisi aliwakosa, nikamtazama kwa wasiwasi, naye akainua mabega tu akasogea kwenye kreti ya kamba wabichi. Kwa dakika ishirini nilihisi Pierina yuko sokoni, ila mwenye ndevu. Nilikuwa na furaha ya kitoto, na dalali haruhusiwi kucheka, kwa hiyo nilikohoa sana.

Asubuhi ya mkesha foleni ilitoka dukani ikapinda kona mpaka kwenye daraja. Niliacha shughuli zangu nikaenda kushika mifuko. Ottorino alikata mikunga akiimba, na waliokuja kwa mkunga waliondoka na sadini, na waliokuja kwa sadini waliondoka na kamba. Kikapu kilishuka, akatia humo mkunga mnono kuliko wote, kikapanda. Safari hii kilirudi kitupu. Saa tano na nusu marumaru ilibaki na barafu peke yake.

Saa sita juu ya alama Amedeo aliingia na tai, na bahasha, na kalamu ya wino. Nyuma tulisikia ngazi zinagonga polepole, gongo, mguu, gongo, mguu, na Pierina akatokea, ameshuka kwa mara ya kwanza tangu Novemba, uso umemtoka jasho. Nikamletea kreti tupu akaketi. Amedeo akamwekea karatasi mapajani. Akasema siku moja njema haifufui duka, na kwamba nyonga ile kila mtu anaijua. Hilo la pili lilikuwa kweli, na Pierina alilijua. Aliishika kalamu. Aliipindua vidoleni, na kisha akafanya jambo ambalo, kwa ninavyojua mimi, hakuwa amelifanya tangu waoane.

"Ottorino," akasema. "Wewe unasemaje? Tuuze?"

"Hapana," alijibu Ottorino. Alikuwa anaosha marumaru, na hakugeuka.

Hakuna aliyeamini masikio yake, na mimi masikio ndiyo kazi yangu. Amedeo alicheka kidogo. Akamwambia asikurupuke, bwana, afikirie angalau hadi baada ya chakula.

"Nimeshafikiri."

"Umefikiri saa ngapi? Jana tu ulikuwa unamuuliza kinyozi kuhusu mikunga."

Ottorino alifunga bomba. Akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja.

"Mwaka wa sitini na moja nilipita hapo mlangoni," alisema, "nikamwona huyu anachambua sadini, ana magamba mpaka kwenye nyusi. Nikasema mimi nitaishi humu ndani. Hilo ndilo jambo pekee maishani ambalo sikumuuliza mtu. Nilikuwa nangoja aniulize yeye. Darajani hakuniuliza, aliniambia. Na hili la kuuza aliniambia tu, mbele ya Egidio na divai yake, akageukia ukuta. Mimi ameniuliza leo."

Pierina alilia. Hakuficha wala hakujifuta, alilia akiwa ameketi juu ya kreti na magongo yake mapajani, na karatasi za Amedeo zilipolowa hakuna aliyeziokoa. Mimi nilijishughulisha na barafu. Amedeo aliokota kalamu yake akatutakia Krismasi njema, na lazima niseme aliyatamka maneno hayo kiungwana.

Alipokwisha kutoka Pierina alivuta kamasi, akamtazama mumewe kwa lile jicho lake la sokoni.

"Na ile mikunga," akasema, "umeilipia ngapi?"

Nikajifanya nakunja mifuko, maana niliijua. Ottorino alinitazama, akautazama mlango, akainama. Alimshika mkewe bega, akaweka mdomo sikioni kwake.

Arobaini ni neno moja. Mimi nilikwenda nyuma, nikabandika birika la kahawa, nikasuuza vikombe vitatu, nikatafuta sukari. Maji yalipochemka Ottorino alikuwa bado ananong'ona, na Pierina hakumharakisha.